Msituombe Radhi kwa Matope
Barua ya wazi kwa wenyeviti wa vijiji, viongozi wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU) na manahodha wa delta ya Rufiji



 

Mimi ni mtoto wa Bungu, niliyeolewa Mbagala nikazeekea huko. Nimefundisha jiografia miaka 31 na sasa nimestaafu. Nawaandikia kwa sababu ya asubuhi moja niliyokaa kwenye boti iliyokwama katika kijito huko kwenu, na kwa sababu ya nahodha kijana aliyeniomba radhi mara nne kwa jambo ambalo ningemlipa mara mbili ili nilione tena.

Nianze na kosa langu. Mjukuu wangu ana miaka 11, na kitabu chake cha shule kina picha ya mikoko iliyochapwa kwa wino mweusi hivi kwamba alidhani ni miembe iliyokumbwa na mafuriko. Nikasema huyu lazima akaione. Likizo ilipofika tukalala Bungu kwa ndugu, alfajiri tukashika njia ya Nyamisati, na saa mbili asubuhi tulikuwa ufukweni tukitafuta chombo. Usiku wa kuamkia siku ile mwezi ulikuwa mpevu. Miaka 31 nimechora ubaoni jua, dunia na mwezi katika mstari mmoja, nikawaeleza watoto wa watu kwa nini maji hujaa sana na kupwa sana siku hizo, kisha mimi mwenyewe nikapanda boti asubuhi ya bamvua, maji yakiwa yameshaanza kuondoka. Pwani yetu hii siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne hadi saa tano asubuhi, na huko ndani kwenye vijito huchelewa kidogo. Mtoto yeyote wa Salale anayajua hayo kabla hajajua kusoma.

Nahodha aliyajua pia. Nilipomuuliza baadaye kwa nini hakusema, alijibu kwa adabu, "Mama ulikuwa umeshaamua."

Kabla ya hapo palikuwa na suala la bei. Vijana watatu walinipa bei tatu. Wa kwanza 60,000, wa pili 150,000, wa tatu akasema, "Mama, toa utakachoona." Huyo wa tatu ndiye aliyenitesa. Mgeni asiyejua lita ya petroli inafika wapi atajuaje la kutoa? Akitoa kidogo amedhulumu, akitoa kingi kesho mwenzake atadaiwa hivyo hivyo, na njiani hatazami ndege, anapiga hesabu. Nilichukua boti ya huyo wa tatu kwa sababu uso wake ulifanana na wa mwanafunzi wangu wa zamani. Hicho si kigezo cha kuchagua nahodha.

Tulikwama kwa muda wa saa tatu hivi. Kijito kilikuwa na upana wa barabara ya gari mbili tulipoingia, kikawa mfereji, kisha kikawa utelezi wa matope ya kijivu na boti yetu imelala ubavu kidogo katikati yake. Kijana alishuka na upondo, akazama hadi magotini, akasukuma, akaacha. "Samahani sana mama," akasema. Mbu walikuwapo, sitawadanganya wasomaji wangu wa Dar es Salaam. Na mwanamke wa miaka 64 kwenye boti ya wazi, saa tatu, ana shida ambayo sitaieleza zaidi ya kusema kwamba choo kimoja safi pale mnapopakilia kingeleta wageni wengi kuliko tangazo lolote.

Sasa sikilizeni kilichofuata. Mjukuu wangu, aliyekuwa ameanza kulalamika kuwa simu haina mtandao, alinyamaza ghafla. Matope yalikuwa yakitembea. Kaa wadogo, mamia, kila mmoja na gando moja kubwa jekundu na jingine dogo kama kijiti, walikuwa wametoka mashimoni wakipunga lile gando kubwa juu na chini, kama abiria wanaosimamisha daladala. Katikati yao samaki. Samaki wadogo wenye macho juu ya kichwa, waliokuwa nje ya maji kabisa, wakijivuta kwa mapezi na kuruka hatua mbili tatu. Mtoto alinigeukia kama mtu aliyedanganywa maisha yake yote. Shuleni ameambiwa samaki akitoka majini hufa.

Nahodha, kwa kuwa hakuwa na la kufanya, akaanza kumweleza. Akamwonyesha mkoko wenyewe, na miguu yake mingi iliyojipinda, na mbegu ndefu ambazo huota zikiwa bado juu ya mti, kisha hudondoka na kuchoma tope kama mkuki. Akamwonyesha msinzi, ambao mizizi yake hupiga magoti. Akamwambia mlilana ndio husimama mbele kukabili bahari, na mafundi wa majahazi huutafuta kwa ajili ya mataruma. Mkandaa ni mmoja wa miti iliyotoa boriti. Mkomafi una tunda kubwa kama mpira wa miguu wa watoto. Akavunja jani la mchu, akaligeuza, akamwambia mtoto alilambe. Alilamba. "Bibi, lina chumvi!" Nahodha akacheka: mti huu hunywa maji ya bahari na kuitema chumvi kwenye majani, ndiyo maana mbuzi huyapenda. Nimefundisha mfumo wa ikolojia wa mikoko kwa miongo mitatu, na sikuwahi kulamba jani la mchu. Nililamba siku ile.

Maji yaliporudi, yakaja taratibu, kwanza mstari mwembamba wa kung'aa katikati ya tope, kisha boti ikajinyanyua yenyewe. Kijana akawasha mashine, na tulipofika gatini akaomba radhi kwa mara ya nne, akataka kupunguza malipo kwa sababu "hatukufika popote".

Ndugu zangu, hilo ndilo nililokuja nalo. Anadhani alichotuuzia ni petroli na umbali, na hayo mengine, majina ya miti, tabia za maji, kaa, jani la chumvi, ni maongezi ya kupoteza muda chombo kikikwama. Nadhani wengi wenu mnadhani hivyo. Huko juu ya mto huu huu, watu wanalipa kwa dola kwa ajili ya maongezi ya namna hiyo.

Nyote mnayaona magari yale. Yanatoka Dar es Salaam, yanapita Bungu, yakifika Kibiti yanakata kulia kuelekea Mloka na lango la Mtemere. Hifadhi ya Taifa Nyerere ilitangazwa 2019 kutokana na sehemu ya Selous, na ni kubwa mno, zaidi ya kilomita za mraba 30,000. Wageni wanakwenda kuona mto Rufiji, viboko wa Rufiji, mamba wa Rufiji. Mto huo ukishatoka huko unapita chini ya Daraja la Mkapa, unagawanyika mikono na milango, unaingia baharini kwenu. Ng'ambo, Mafia wana hifadhi ya bahari tangu 1995, na wageni huja Kilindoni kuogelea na papa potwe. Mgeni analala Mloka, halafu anaruka kwa ndege ndogo kwenda Mafia, na anapopita juu yenu anapiga picha dirishani. Lililo katikati, ambalo ndilo linalouunganisha mto na papa, halimo kwenye ratiba yake.

Na si kwamba dunia haiwajui. Tarehe 29 Oktoba 2004 eneo lote la Rufiji, Mafia na Kilwa, karibu hekta 597,000, liliandikishwa chini ya Mkataba wa Ramsar kuwa ardhioevu yenye umuhimu wa kimataifa. Delta yenu ina mikoko hekta 50,000 hivi, msitu mkubwa kuliko wote wa aina yake Afrika Mashariki. Kamba wengi wanaoliwa kwenye hoteli za Dar wamekulia katika mizizi hiyo. Nguva, ambao wazee wetu waliwafahamu vizuri na watoto wetu wanadhani ni wa hadithi, bado wanaonekana kwa nadra katika maji haya kati ya delta, Mafia na Kilwa, na jarife ndilo adui wao mkubwa.

Nawaandikia nyinyi, na si wizara, kwa makusudi. Najua msitu wa mikoko ni hifadhi ya Serikali tangu enzi ya Mjerumani, na leo uko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Najua hakuna ubao utakaopigiliwa humo bila kibali chao. Lakini nimeishi vya kutosha kuona jinsi mambo yanavyokwenda mahali pazuri pasipo na mwenyeji aliyejitokeza. Huja mtu kutoka mbali na ramani mkononi, akakuta hakuna bei, hakuna utaratibu, hakuna wa kuzungumza naye, akaandika kwamba eneo halitumiki. Baadaye unakuta uzio, na wewe uliyezaliwa pale unaomba ruhusa ya kupita kwenda kuvua.

Nyinyi hayo mnayajua kuliko mimi. Mwaka 1997 Serikali iliidhinisha mradi wa kampuni ya African Fishing Company wa kufuga kamba kwenye hekta 10,000 za delta, ingawa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira lilikuwa limeshauri usikubaliwe. Watu wa delta walikwenda Mahakama Kuu, wakisaidiwa na wanasheria wa mazingira wa LEAT. Mabwawa yale hayakuchimbwa. Baadhi ya wazee waliosimama wakati ule bado wako hai, na ningependa mjukuu wangu awasikie wao kabla hajasikia habari hiyo kwa mtu kama mimi.

Safari hii msingojee mradi uje ndipo muukatae. Kaeni wenyewe, mpange namna mnavyotaka kutembelewa, muiandike, kisha muipeleke TFS na Halmashauri ya Kibiti ikiwa na mihuri ya vijiji. Sheria ya Misitu ya 2002 inatoa nafasi ya makubaliano ya kusimamia misitu kwa pamoja, na BMU mnazo tayari, na vitabu vya mapato mnajua kuvitunza. Mtu anayekuja na karatasi husikilizwa tofauti na anayekuja na malalamiko, hata kama malalamiko yake ni ya haki.

Majirani zetu wamefanya. Jozani, Unguja, mgeni hulipa langoni, akaona kima punju, akatembea juu ya njia ya mbao katikati ya mikoko, na vijiji vya jirani hupata fungu katika kiingilio. Gazi, pwani ya kusini ya Kenya, akina mama walijenga njia ya mbao mikokoni na hupikia wageni, na kijiji hicho pamoja na Makongeni tangu 2013 vinauza hewa ya ukaa ya hekta 117 tu za mikoko kupitia mradi wa Mikoko Pamoja, fedha zikaleta maji ya bomba na vitabu vya shule. Hekta 117! Kwenu kijito kimoja na matawi yake kinaweza kuizidi hesabu hiyo. Mambo ya hewa ya ukaa yana mitego yake na sitaki mtu asaini kitu kwa sababu ya barua hii. Lakini njia ya mbao na sahani ya wali wa nazi kwa kamba havina mtego ninaouona.

Mkikaa, bei iwe ya kwanza. Iandikwe ukutani pale mnapopakilia, kwa rangi, kwa Kiswahili: boti kwa saa, watu wangapi, fungu la kijiji ni kiasi gani. Mtanzania alipe bei yake na mgeni wa nje yake, na mwanafunzi apite karibu bure, kwa maana huyo ndiye atakayerudi na watoto wake. Pembeni ya bei pawe na ubao wa maji. Nyinyi mna kalenda ya mwezi kichwani, mwezi mosi, mwezi kumi na nne. Sisi wa Mbagala tumeipoteza. Mgeni aambiwe wazi kwamba akitaka kuzunguka asubuhi bila kukwama aje siku za maji mafu, mwezi saba, nane, tisa, au ishirini na moja hivi, ambapo maji hujaa mnamo saa nne au tano na tofauti ya kujaa na kupwa ni ndogo. Akitaka kuona matope yakitembea, aje bamvua kwa hiari yake, na mkwame naye kwa mpango. Nasema kweli: uzeni kukwama.

Halafu chagueni nani anasimulia. Nahodha wangu ni hodari, lakini wapo wengine. Yupo mama aliyeishi kwenye dungu msimu mzima akiamia ndege mpungani, anayejua kiboko akija usiku anatoa mlio gani na nguruwe anatoa mlio gani. Mashamba hayo ya mpunga yana kesi yake na wahifadhi, nayo ni kesi ndefu, na mimi siamini kuwa mgeni afichwe. Apitishwe, amwone mkulima, amsikie na bwana misitu. Mafuriko ya Aprili 2024 yalipozamisha mashamba ya Rufiji na Kibiti, na kimbunga Hidaya kikafuata Mei, watu wa mjini waliona picha siku mbili wakasahau. Mtu aliyekaa kwenye dungu lako akanywa chai hasahau upesi. Na bwawa la Nyerere huko juu, lililoanza kujazwa Desemba 2022, mgeni atauliza tu: udongo uliokuwa ukiletwa na mto sasa unabaki wapi, na maji ya chumvi yamepanda hadi wapi? Mjibuni mnachokiona kwa macho yenu, mwaka hadi mwaka. Hilo hata wataalamu watakuja kuliuliza kwenu.

Kuna pia ile manowari. Wazungu wapenda historia ya vita watakuja kwa ajili yake tu, na mtawajua kwa kofia zao. Königsberg, ya Mjerumani, iliizamisha Pegasus ya Mwingereza bandarini Zanzibar tarehe 20 Septemba 1914, ikaja kujificha katika vijito vyenu karibu na Salale, ikafungiwa humo miezi, hadi ilipoangamizwa tarehe 11 Julai 1915. Mizinga yake ilinyofolewa ikaenda kupigana nchi kavu; mmoja leo uko Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Vitabu vinamtaja kapteni wake, Max Looff, kwa jina, cheo na picha. Lakini mitambo ya meli ile ilipoharibika ilivutwa nchi kavu hadi Dar es Salaam kutengenezwa, ikavutwa kurudi, na waliovuta walikuwa watu weusi, kwa kamba, kwenye tope lile lile lililotuzuia sisi na boti tupu. Hakuna kitabu nilichosoma kilichowataja hata mmoja kwa jina. Kama kuna ukoo Salale au Mbwera unaokumbuka babu aliyevuta, simulizi hiyo inazidi vyuma vyote vilivyobaki. Mwekeni mjukuu wake ndiye aisimulie, na alipwe.

Na mgeni aambiwe boriti zilikokwenda. Majahazi yalizichukua kutoka delta hadi Unguja, Oman na Ghuba yote, na vyumba vya nyumba kongwe za miji hiyo ni vyembamba kwa sababu fundi hakuweza kuupita urefu wa boriti. Mzee wa Muscat amelala maisha yake yote ndani ya kipimo cha boriti ya Rufiji.

Mambo mengine ni madogo lakini semeni mapema. Vijito vipi vifungwe kamba wakiwa wachanga. Mvuvi apite kwanza, boti ya wageni imngoje. Picha za watu kwa idhini. Mavazi ya kupitia kijijini. Takataka zirudi na aliyezileta. Na jaketi la kuokolea kwa kila abiria, ambalo halijachanika. Nilivaa moja siku ile lililokuwa na kamba badala ya vishikizo.

Jina la Kibiti liliwahi kuwatisha watu, miaka ile ya mauaji, 2016 na 2017, na msiba ule si wangu kuusimulia. Najua tu kwamba jirani yangu Mbagala, niliporudi, aliuliza kwanza kama kuko salama, ndipo akauliza kama nimeleta kamba. Nilimwonyesha video ya mtoto akilamba jani. Ameitazama mara tatu na anataka kuja.

Kwa hiyo tutakuwa watu sita, wawili watoto. Tunakuja likizo ya Juni, mwezi ukiwa na siku nane au tisa, maji mafu, kama nilivyofundishwa. Nahodha nimtakaye ni yule yule. Namba yake ninayo, ila sitaki kumpigia pembeni. Nataka nifike Nyamisati, nisome bei ukutani, nilipe, nipewe risiti. Fungu alilokataa kupokea siku ile nimeliweka kwenye bahasha, na ninakuja nalo.

Wenu,
Bibi wa Bungu, mwalimu mstaafu, Mbagala